Nimefuta ile video ya trei za mayai

Wasee, kabla ya kitu kingine chochote: ile video yangu ya kubandika trei za mayai ukutani nimeifuta. Kama uliiona ukaenda kwa mama wa mayai ukamsumbua akupatie trei thelathini, nisamehe. Mimi mwenyewe nilibandika hamsini na mbili kwa keja yangu hapa Kamakwa, nikapiga picha nimekunja mikono kama prodyuza wa River Road, na sauti ikabaki vile ilikuwa. Gundi peke yake ilikula pesa ya unga wa wiki mbili.

Lakini sijakuja kuongea juu ya gundi. Nimekaa na hii maneno tangu Aprili na leo nataka kuitoa, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue maiki gani ndio sauti yake ijae. Wengi ni wa huku huku: Karatina, Chaka, Nanyuki, Kerugoya. Mnarekodi podikasti, mashairi, gospel, mugithi, na mnasema sauti yenu ni nyembamba mkilinganisha na za Nairobi.

Maoni yangu ni haya, na najua wenye kuuza maiki watanikasirikia. Wengi wetu hatukosi vifaa. Tunakosa chumba na tunakosa subira. Sauti iliyojaa unainasa pale pale mtu anapoimba. Ukiikosa hapo, hakuna plagini wala AI itakayokurudishia. Nimelijua hili kwa njia mbaya.

Guka wangu alikuwa mpiga gita. Si staa, usianze kumtafuta mtandaoni. Alikuwa mtu wa gita la boksi, peke yake, kwa harusi na ruracio za huko juu ya Othaya, na jioni kwa veranda shosho akisonga ugali. Mimi ni kifungua mimba kwetu, kwa hivyo nimeitwa jina lake, si mnajua vile sisi hufanya. Mwaka jana alikuwa anakuja town kliniki ya presha kila mwezi, na siku moja akalala kwangu kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kupanda kwao. Alikuwa amekuja na gita, kuna mtu alitaka amtengenezee uzi. Nikasema hapo ndipo hapo.

Nilikuwa nimenunua maiki ya kondensa na kadi ndogo ya sauti kwa 11,500, pesa ya HELB ambayo ilikuwa na kazi ingine kabisa. (Mathe ukisoma hii, tutaongea.) Nikamketisha guka kwa kiti cha plastiki katikati kabisa ya chumba, kwa sababu ndipo taa ilikuwa inapendeza kwa video. Trei hamsini na mbili zinatuangalia. Akapiga nyimbo tano. Mbili ni za ujana wake, zile kila mzee anajua. Tatu ni zake mwenyewe, alizitunga, hazijaandikwa popote.

Sasa acha niwaambie nini kilikuwa kinaendelea kwa hiyo chumba, kwa sababu ndiyo chumba ya wengi wenu.

Keja yangu ni ile ya kumi kwa kumi, futi. Kwa mita ni kama 3.05 kila upande. Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Wimbi la besi likitoka kwa gita linaenda ukutani, linarudi, linakutana na lenzake, na kuna noti fulani ambazo zinatosha kati ya kuta mbili kama mguu kwa kiatu. Hizo chumba kinazipiga makofi. Kwa keja ya futi kumi, ya kwanza iko karibu 56 Hz na ya pili karibu 112 Hz. Na kwa sababu chumba ni mraba, kuta za huku na kuta za kule zote zinasukuma noti zile zile. Ni afadhali hata chumba kibaya cha mstatili. Na ukikaa katikati kabisa, ile ya 56 unaikosa na ile ya 112 unaipata mara mbili.

Uzi wa tano wa gita, ukiuacha wazi, ni 110 Hz. Yaani kila guka alipougusa huo uzi, keja nzima ilivuma kama transfoma. Uzi wa sita haukusikika vizuri, wa tano ukawa jitu. Yeye mwenyewe aliinua macho akaangalia dari, lakini hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimevaa hedifoni nikitikisa kichwa.

Na trei? Trei ya mayai ni karatasi iliyopondwa. Inaweza kupunguza kidogo ule mlio wa juu wa makofi na herufi s, basi. Wimbi la 112 Hz lina urefu wa kama mita tatu. Kitu laini ukutani kinaanza kulimeza vizuri kikiwa na unene wa karibu robo ya wimbi, na robo yake ni kama sentimita 77. Sentimita 77, na trei haifiki hata kumi. Povu lile jembamba la rangi nyeusi linalouzwa mtandaoni lina shida hiyo hiyo, ni vile tu linakaa vizuri kwa kamera. Ukijaza ukuta nalo unakula milio ya juu peke yake na besi inabaki ikizunguka humo, halafu unashangaa kwa nini sauti ni kavu juu na matope chini. Isitoshe, trei zinashika moto haraka, na mimi napikia gesi humo humo. Nikikumbuka nasikia baridi.

Usiku ule guka akalala kwa kitanda, mimi chini, na laptopu kwa magoti. Nilifanya makosa matatu na kila moja niliona ni ujanja.

La kwanza, nikasikia ule uzi wa tano unavuma, nikafungua ikwaliza nikakata besi yote mpaka uvumi ukaisha. Uliisha, ndiyo. Lakini sauti ya mwanaume inapoongea huanzia hapo hapo, kama 85 Hz kwenda 155 hivi. Nilipokata uvumi wa gita nikakata na kifua cha guka.

La pili, sauti ikawa nyembamba, nikataka kuinenepesha. Kuna ujanja nilikuwa nimeuona kwa video moja: unakopi ile rekodi, moja unaipeleka kushoto, nyingine kulia, na moja unaichelewesha kwa milisekunde 10. Kwa hedifoni inasikika kubwa, manze, kama uko kanisani. Nilifurahi nikataka kumwamsha.

La tatu ndilo linaniuma mpaka leo. Laptopu ilikuwa imejaa. Nikatoa zote tano kwa MP3, nikafuta rekodi za asili.

Asubuhi nikamwekea kwa kile kiredio chake kidogo cha flashi, chenye spika moja. Alisikiliza wimbo wa kwanza hadi katikati. Akaniuliza kwa Kikuyu, bila kucheka, "Huyu ni nani amefungiwa kwa tangi?"

Nikamwambia ni wewe, guka.

Akasema, "Mimi niko na kifua." Akazima redio, akavaa kofia, tukaenda steji.

Ilinichukua muda kuelewa tangi lilitoka wapi. Ukiichelewesha kopi ya sauti kwa milisekunde 10 halafu kushoto na kulia zikaja kuunganishwa kwa spika moja, kuna noti ambazo kopi inafika wakati ile ya kwanza inashuka, na zinauana. Kwa milisekunde 10 zinazokufa ni 50, 150, 250, 350, 450, na kuendelea hivyo hivyo. Angalia hizo namba tena. Hapo ndipo nyama ya sauti ya mtu inakaa. Kwa hedifoni huisikii shida kwa sababu kila sikio linapata yake. Lakini nani anasikiliza kwa hedifoni? Redio ya guka ni spika moja. Spika ya bluetooth ya kinyozi ni moja. Redio ya boda ni moja. Sisi tunachanganya muziki kwa hedifoni halafu watu wetu wanausikia kwa tangi.

Na ukikopi bila kuchelewesha? Hakuna unachopata. Kitu kile kile mara mbili ni kitu kile kile, kwa sauti ya juu zaidi.

Kunenepesha kwa kweli ni kuimba tena. Ni kazi, ndiyo maana watu wanaikwepa, na hawakuanza kuikwepa jana. John Lennon wa The Beatles hakupenda kabisa kurudia kuimba sehemu yake ili iwekwe juu ya ile ya kwanza, na mwaka wa 1966 injinia wa Abbey Road kule London, Ken Townsend, akabuni njia ya kutumia mashine ya pili ya tepu kumfanyia. Hata hiyo haikuwa kopi tu: tepu ya pili ilikuwa ikiharakishwa na kupunguzwa mwendo kidogo kidogo, ndio isifanane kabisa na ya kwanza. Kinachonenepesha ni ile tofauti. Mara ya pili hautaanza neno kwa wakati ule ule, hautashika noti kwa kimo kile kile, pumzi itakuwa ingine, na sikio linasikia watu wawili ambao ni mtu mmoja.

Watu wanapenda kunitajia Billie Eilish. Albamu yake ya 2019 yeye na kaka yake Finneas waliirekodi chumbani nyumbani kwao Los Angeles, na Januari 2020 ikashinda Grammy ya albamu ya mwaka. Sawa. Kwa hivyo chumba cha kulala kinatosha, hilo nakubali. Lakini isikilize vizuri uone sauti yake imerundikwa juu yake mwenyewe mara ngapi. Huyo ni msichana aliyeketi akaimba tena na tena. Wengi wetu tukiimba mara mbili tunasema koo limechoka.

Basi, Februari nikapanda kwa guka. Maiki ile ile, kadi ile ile, sikuongeza hata shilingi. Nilichobadilisha ni chumba.

Kwao kuna stoo ya mbao. Kando kando kuna magunia ya mahindi na maharagwe mpaka kifuani, hakuna mawili yanayolingana, kwa hivyo sauti ikienda pale inavunjikavunjika hairudi kama ilivyoenda. Kona moja kuna godoro la zamani limesimamishwa na nyuma yake mifuko ya nguo. Hicho kitu kinene kwa kona, hapo besi hujikusanya, ndicho kinafanya kazi trei hamsini na mbili hazikufanya. Shosho alinipa mablanketi mawili mazito, zile za baridi ya Julai, akauliza mara tatu kama yatarudi. Moja nililitundika kwa kamba nyuma ya guka. Nyuma yake, si nyuma ya maiki. Hapo wengi wanakosea: maiki kama yangu inasikia zaidi mbele yake, kwa hivyo ukuta unaoingia kwa rekodi ni ule ulio nyuma ya mwimbaji. La pili likaenda juu yetu, kwa sababu stoo haina dari, ni mabati tu, na mabati yana mlio wake.

Sikumweka katikati. Nilimweka kama theluthi ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma. Na nilimsogelea. Kwa keja maiki ilikuwa mita moja mbali ndio isionekane kwa video. Stoo nikaileta sentimita 20 kutoka kwa mdomo, pembeni kidogo ndio p zake zisilipuke. Hii ni hesabu ya bure, hailipiwi: kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mtu inapanda karibu desibeli 6 na mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Kutoka mita moja kuja sentimita 20 ni kama desibeli 14. Juu ya hiyo, maiki inayosikia mbele peke yake huongeza besi ukiwa karibu nayo. Ndiyo maana watangazaji wa redio usiku wanabusu maiki. Kifua cha guka kilirudi kabla sijagusa programu yoyote.

Akasema tuanze na zile za watu, apashe vidole, zake tuzifanye mwisho.

Aliimba ya kwanza na gita. Halafu nikamvalisha hedifoni, nikamwekea alichopiga, nikamwomba apige gita tena juu yake mwenyewe, maiki nimeielekeza pale shingo ya gita inaingia kwa mwili, si kwa shimo, shimo linavuma sana. Alikuwa hajawahi kujisikia masikioni hivyo. Alikosea, akacheka, akasema huyu mzee anapiga haraka, ngoja nimfuate. Mara ya tatu wakaenda pamoja, lakini si sawa kabisa, na hapo gita moja la uzi mbovu likawa kama wapigaji wawili wamekaa benchi moja. Moja nikaipeleka kushoto, nyingine kulia, sauti katikati. Nikajaribu kwa spika moja. Hakuna kilichokufa.

Ya pili tukaifanya vile vile. Kufikia saa tisa na nusu mvua ikaanza. Mnajua mvua ya huku kwa mabati, hakuna blanketi linaizuia. Mwisho wa wimbo wa pili matone ya kwanza yanasikika. Tukangoja, tukanywa chai, mvua haikuisha. Guka akasema hizo zingine tatu utakuja tu tuzimalizie, ziko hapa haziendi popote, akajigusa kichwa.

Machi nilikuwa na mitihani. Aprili tukamzika.

Kwa hivyo niko na nyimbo mbili za guka zenye kifua chake, na ni zile mbili ambazo kila mtu anazo. Zile tatu zake, ambazo hakuna mwingine duniani anazijua, ziko kwa MP3, zimekatwa besi, zimecheleweshwa milisekunde 10.

Nimejaribu kila kitu. Upande ambao haukucheleweshwa nimeutoa peke yake, ule utupu wa spika moja ukapungua, lakini besi niliyoikata haiko, imeenda. Nikiiongeza kwa ikwaliza inapanda uvumi na makelele, kwa sababu huwezi kupandisha kitu ambacho hakipo. Nikajaribu programu ya AI ya kusafisha sauti. Gita ililiona ni kelele ikalila. Sauti ikatoka safi sana, nene sana, kama mtangazaji wa habari za saa moja, na mahali guka alikuwa anavuta neno la Kikuyu vile wazee wa Othaya huvuta, ikalinyoosha. Niliimwekea shosho bila kumwambia kitu. Aliuliza, "Huyu ni mgeni wa wapi?"

Hapo ndipo ugomvi wangu na watu wa AI itarekebisha unaanzia. Programu hairudishi kilichopotea, inakisia. Kwa podikasti yako ya mpira inaweza kukisia vizuri na hakuna wa kujali. Kwa mtu ambaye hayuko, kukisia ni kumweka mtu mwingine kwa kiti chake.

Nafikiria sana juu ya Joseph Kamaru. Yule mzee alizaliwa Kangema, Murang'a, 1939, akafariki Oktoba 2018. Mjukuu wake pia anaitwa Joseph Kamaru, jina lile lile kwa desturi ile ile, na dunia inamjua kama KMRU. Yeye ni msanii wa sauti, anarekodi mazingira na kuyageuza muziki, na albamu yake Peel ilitoka 2020 kwa lebo ya Editions Mego. Huyo mjukuu amekuwa akitoa upya nyimbo za guka yake kwa Bandcamp. Mimi wivu wangu kwake si wa Berlin wala lebo. Ni kwamba alipofungua kabati kulikuwa na kitu ndani. Sikiliza santuri za Kenya za miaka ya 1960 na 1970: nyingi ni za mono, maiki ni chache, hakuna plagini hata moja, na bado unasikia gita lina mbao na mtu ana mapafu. Kuna mtu aliwaweka mahali pazuri, akawasogelea, akabonyeza kurekodi.

Najua mtaniuliza mambo ya kuchanganya, kwa hivyo haraka haraka. Kata chini ya 70 Hz, huko ni malori ya barabara kuu na jokofu tu. Kama ni matope, punguza desibeli 2 au 3 hapo karibu 300 Hz, usifyeke kama mimi. Usiongeze besi ndio isikike kwa simu, spika ya simu haiwezi kutoa 110 Hz kwa nguvu yoyote ya maana hata uipandishe vipi. Chenye kinasaidia ni kuichafua sauti kidogo, zile plagini za kuiga tepu au mashine za zamani, kwa sababu zinaongeza milio ya 220, 330, 440, na ubongo ukisikia hizo tatu pamoja unajaza 110 wenyewe. Usiminye kila kitu kiwe juu, Spotify itakushusha yenyewe mpaka karibu LUFS -14, na utabaki na wimbo uliolala. Audacity ni ya bure. BandLab kwa simu ni ya bure. Kama unarekodi kwa simu, tafuta programu inayotoa WAV na uzime ile ya kupunguza kelele, na usitume rekodi yako ya pekee kwa WhatsApp kama voisi halafu ukafuta. Diski za nje ni bei, najua. Flashi ya GB 32 si bei. Weka ile ya asili hapo, uiandike kwa kalamu, umpe mtu mwingine akuwekee.

Halafu isikie nje ya hedifoni. Mimi hubeba flashi. Wiki mbili zilizopita dereva mmoja wa matatu ya Karatina aliniruhusu niweke ile ya pili ya guka, yenye matone mwishoni. Kufika Kiganjo mama aliyekaa mbele akaanza kuimba naye. Mvua ilipoanza kwa spika akaangalia dirishani, nje jua lilikuwa linawaka.

Trei nimezibandua zote, ukuta umebaki na madoa ya gundi na landilodi hajaona bado. Kwa kona mbili nimeweka magunia niliyojaza nguo kuukuu za soko la Karatina, na kitanda nimekihamisha. Keja bado ni mraba. Lakini ukinisikiliza wiki hii utasikia.

Kuna mzee mmoja huko Mukurwe-ini, rika la guka, walikuwa wakipiga pamoja harusini. Shosho anasema anakumbuka angalau mbili kati ya zile tatu. Jumamosi naenda kwake na maiki, godoro nimeambiwa lipo, flashi nimenunua mbili. Mvua inasemekana itaanza mchana, kwa hivyo natoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Blanketi moja la shosho limekataa kurudi town nami, kwa hivyo kama uko njia ya kwenda huko na una moja zito la kuniazima siku moja, niandikie leo.